Usilivishe gari la babu sura ya Cobra

Msomaji mmoja wa Ujiji, Kigoma, ameniandikia hivi:

“Shikamoo fundi. Babu yangu, aliyekuwa mganga wa zahanati, alituachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1964, injini ya 1200. Imelala chini ya mwembe tangu mimi niko shule ya msingi. Milango imeoza, boneti imetoboka, paa limebonyea, lakini injini ukiizungusha kwa mkono inazunguka. Nimeona picha za Cobra, lile gari la mashindano la Marekani, na nasikia kuna watu hujenga nakala zake. Fundi wa bodi hapa Mwanga anasema ataikata Volkswagen na kuipigia bati la Cobra kwa miezi miwili. Mjomba anataka tuiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Je, inawezekana? Nianzie wapi? Na kutengeneza nakala si udanganyifu?”

Marahaba, mwanangu.

Mwambie mjomba asubiri kwanza. Chuma chakavu hununuliwa kwa kilo, na gari likishapanda kwenye mizani ile halirudi tena. Jibu langu kwa ufupi ni hili: kujenga nakala ya gari la mashindano juu ya Volkswagen ya babu kunawezekana, tena hapo hapo Kigoma. Kisichowezekana ni Cobra. Kazi ya bodi nimeifanya hapa Tabora zaidi ya miaka thelathini, na magari mawili ya namna hiyo nimeyajenga kwa mikono yangu, kwa hiyo nikikuonya jambo, ujue lilishanigharimu.

Cobra ilizaliwa mwaka 1962. Carroll Shelby, Mmarekani aliyeshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1959 kwa Aston Martin akipokezana usukani na Roy Salvadori, alilazimika kuacha mashindano kwa ugonjwa wa moyo, akageukia kujenga magari. Alichukua gari dogo jepesi la Kiingereza, AC Ace, lililokuwa likitengenezwa Thames Ditton, akalitia injini ya Ford ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Mwanzo ilikuwa ya lita 4.2, ikafuata ya 4.7, na baadaye ya lita 7. Sasa iangalie tena ile picha uliyoipenda. Pua ile ndefu ni chumba cha injini. Mdomo ule mpana unalisha hewa rejeta, maana injini kubwa kama ile ina joto la kutisha. Mabega yaliyovimba juu ya magurudumu ya nyuma yamevimba kwa sababu matairi yalipanuliwa yaweze kuzishika nguvu zile. Karibu kila mkunjo unaouona una kazi yake.

Volkswagen ya babu injini yake iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli. Haina rejeta. Nguvu zake ni farasi 34. Ukiipigia bati la Cobra utapata pua ndefu yenye tangi la mafuta na tairi la akiba, na mdomo mpana unaomeza hewa isiyokwenda popote. Hiyo si nakala, mwanangu, ni kinyago. Ukilipitisha mjini watoto watalikimbilia, lakini mtu yeyote anayejua magari atasikia injini inalia nyuma na atajua. Wewe mwenyewe utakuwa unajua kila siku unapokaa kwenye usukani.

Nakala ninayoiheshimu ni ile ambayo mifupa yake ina undugu na mifupa ya gari la asili. Na Volkswagen ya babu inaye ndugu wa damu aliyeshinda mashindano makubwa. Ndugu huyo ni Porsche.

Volkswagen ilibuniwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930. Wakati wa vita, mwaka 1944, ofisi yake ya wahandisi ilihamishwa kwenda Gmünd, kijiji cha Austria, na mahali walipopewa palikuwa kiwanda cha kupasua mbao. Huko, chini ya mwanawe Ferry, ndiko gari la kwanza lenye jina la Porsche lilikotoka. Lilipata kibali cha barabarani tarehe 8 Juni 1948, likaitwa 356. Injini yake ilikuwa ya Volkswagen, sentimita za ujazo 1131, iliyoongezwa nguvu ikafika farasi 35. Breki, stelingi na springi za mbele zilitoka kwenye Volkswagen vilevile. Bodi za magari hayo ya mwanzo zilikuwa za alumini, zilizopigwa kwa nyundo juu ya kigezo cha mbao.

Naomba uirudie sentensi hiyo ya mwisho. Kiwanda cha mbao, nyundo, kigezo, vipuri vya Volkswagen. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji, mbele yangu seremala anapiga randa ubao wa mninga, na upande wa pili kijana wangu ananyoosha mlango wa Land Rover. Nilinyanyuka. Nilikuwa nimeaminishwa maisha yangu yote kwamba magari ya namna ile hutengenezwa na mitambo tusiyokuwa nayo. Na wewe uko Kigoma, ambako mafundi wa boti huko Kibirizi wanakunja ubao kwa jicho tu, na boti likiingia ziwani linakaa sawasawa. Jicho la namna hiyo ndilo linalopima bodi ya gari.

Halafu gari lile dogo halikuishia kijijini. Mwaka 1951 Auguste Veuillet na Edmond Mouche waliliingiza Le Mans likiwa na bodi ya alumini, wakashinda daraja la magari ya injini hadi 1100. Mwaka 1954 ikatoka 356 ya aina ya Speedster, kwa ushawishi wa Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, aliyetaka Porsche ya bei nafuu kwa wateja wake. Speedster haina paa la chuma. Kioo cha mbele ni kifupi na kinafunguliwa kwa boliti, viti ni vyembamba, milango haina vioo vya kupandisha. Watu walikwenda nalo kazini Ijumaa, Jumamosi wakang'oa kioo wakaingia nalo mashindanoni. Hilo ndilo gari ninalokushauri ujenge.

Utakuja kuona picha za jingine, 550 Spyder la mwaka 1953, na moyo wako utalipenda kuliko Speedster. Hata mimi. Lilikuwa jepesi mno, karibu kilo 550, na injini yake ya 1498 iliyobuniwa na Ernst Fuhrmann ilitoa farasi 110. Toleo lake lililofuata, 550A, ndilo alilotumia Umberto Maglioli kushinda mbio za Targa Florio kule Sicily mwaka 1956. Lakini Spyder injini yake iko mbele ya ekseli ya nyuma. Kuifikia hali hiyo kwa vifaa vya Volkswagen inabidi ujenge fremu mpya ya mabomba, kisha uigeuze injini pamoja na gia boksi nyuma iwe mbele. Ukigeuza hivyo lazima ufungue gia boksi na kuhamisha krauni, ile gia kubwa inayozungusha ekseli, upande wa pili. Gari langu la pili lilikuwa hilo, na krauni sikuihamisha. Siku ya kulijaribu lilikuwa na gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Tulishusha kila kitu upya. Kazi ya kwanza ya mtu isiwe hiyo.

Kuna jambo nataka niliseme kabla hujashika grinda. Kama bodi ya babu ingekuwa nzima, nisingekupa ruhusa yangu. Beetle yenyewe ni gari la mashindano katika nchi zetu. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Beetle iliyashinda mwaka 1957 na tena 1962, ikiyaacha magari makubwa kwenye tope. Beetle nzima ya mwaka 1964 ingestahili kusafishwa, kuwekewa taa za mbele za ziada na bamba la kukinga injini chini, na kuachwa iwe yenyewe. Kwa hiyo usimwamini fundi wa Mwanga, wala usiniamini mimi niliye Tabora, kuhusu hali ya bodi. Itisha mtu wa tatu, fundi wa bodi asiyetaka kazi hiyo, aikague. Paa likibonyea hunyooka. Milango na boneti hupatikana. Lakini nguzo za milango na mahali bodi inapokaa juu ya sakafu vikiwa vimeoza vyote, hapo bodi imekufa, na kujenga juu ya kilichokufa si kosa. Hata hivyo usitupe vipande. Mlango mmoja wa babu utundike ukutani.

Sasa kazi yenyewe. Beetle ni gari la ajabu kwa kuwa bodi yake yote imefungwa kwa boliti juu ya sakafu. Ukizifungua boliti hizo, zisizopungua thelathini, ukachomoa nyaya, usukani na tangi, watu sita wanaibeba bodi kama wanavyobeba kitanda. Kinachobaki chini ni sakafu ya bati yenye uti wa mgongo katikati, injini na magurudumu, na kinaweza kuendeshwa hivyo hivyo. Boliti zimelala miaka mingi. Zimwagie mafuta ya kupenya siku tatu mfululizo kabla ya kuzigusa, la sivyo utakata vichwa vyote.

Bodi ikishatoka, chukua bisibisi ya zamani upige magoti. Anzia kulia, chini ya kiti cha nyuma, maana hapo ndipo betri inapokaa na asidi yake hula bati. Choma kwa ncha ya bisibisi kila baada ya vidole viwili. Bati zima hulia ting na kuirudisha bisibisi. Bati lililooza hunyamaza, na ncha huingia. Endelea hivyo hadi mbele, pale uti wa mgongo unapopanuka kwenda kushika ekseli ya mbele. Sakafu ikiwa imeoza pembeni tu, usihuzunike, mabati ya pembeni hukatwa na kubandikwa mapya. Uti wa mgongo au kile kichwa cha mbele kikiwa laini, simama, tafuta sakafu nyingine. Usikubali kuzibiwa kwa puti.

Sakafu ya Beetle ina milimita 2400 kati ya ekseli na ekseli. Porsche 356 ina 2100. Maana yake lazima utoe milimita 300 katikati, na hapo ndipo gari linapopona au linapokufa. Kabla ya kukata, toa tangi, mwaga petroli yote, puliza bomba la mafuta kwa hewa hadi likauke, kwa sababu bomba hilo linapita ndani ya uti wa mgongo huo huo utakaoupitishia grinda. Ndani humo mna pia vijia vya waya za klachi na akseleta, na fimbo ndefu ya gia. Vyote hivyo vitapunguzwa kwa kipimo kile kile. Halafu tafuta namba ya chasisi. Imegongwa juu ya uti wa mgongo, chini ya kiti cha nyuma, karibu kabisa na mahali pa kukata. Ipige picha, izungushie chokaa, na mstari wa grinda usiiguse.

Gari langu la kwanza tulilikata vizuri. Nilipima asubuhi, mchana nikapima tena. Kosa lilikuwa kwenye kuunga. Kijana wa kuchomelea alishuka na mshono wa kushoto wote kwa mkupuo mmoja, akapumzika, akaja kumaliza wa kulia. Mimi nilikuwepo na sikumzuia. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hujivuta, na upande uliotangulia kupoa humvuta mwenzake. Jioni nilipopima kwa utepe, mshazari mmoja, yaani kipimo cha kutoka kona hadi kona ya mkabala, ulizidi wa pili kwa milimita 11. Kwa macho huoni kitu. Barabarani gari lilikwenda kiupande kama kaa, na baada ya wiki chache tairi la mbele la kulia lilikuwa kipara upande wa ndani. Tulikata upya na kuanza tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kukata, iweke sakafu juu ya stendi nne ulizozisawazisha kwa pima maji. Chomelea mabomba mawili ya muda kutoka mbele hadi nyuma, upande huu na huu, yatakayotolewa mwisho. Pima mishazari miwili: kutoka tundu la boliti la ekseli ya mbele kushoto hadi mwisho wa bomba la springi za nyuma kulia, kisha kinyume chake. Andika ukutani kwa chaki. Ukishakata na kusogeza, pima tena kabla ya moto wowote. Unga kwa vidoti vya sentimita mbili, kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja kwenye uti, ukingoja chuma kipoe kiasi cha kugusika kwa mkono, na kila baada ya vidoti vichache rudia mishazari. Juu ya mshono weka bamba linalopanda pande zote mbili. Siku nzima itakwisha, na iishe.

Kuna jambo wengi hawalijui. Bodi ya Beetle, pamoja na paa lake, ndiyo inayoipa sakafu ugumu. Ukiiondoa na kuweka bodi isiyo na paa, gari litapinda kwenye shimo na milango itakataa kufunga. Hata Karmann, waliotengeneza Beetle za paa la turubai, waliongeza vyuma chini ya milango. Wewe zungushia sakafu fremu ya skwea paipu yenye unene wa milimita 2 hadi 3, ishikane na sakafu kwa matundu yale yale ya boliti za bodi ya zamani. Kwenye fremu hiyo ndiko bodi mpya na mikanda ya usalama vitakakoshikilia. Mkanda usifungwe kwenye bati tupu.

Bodi. Hapa nina maoni makali na nitayasema. Watu wengi duniani hutumia faibaglasi, kwa sababu wana kiwanda chenye kalibu na wanatoa magari mia kwa kalibu moja. Wewe unajenga gari moja. Kutengeneza kigezo, kisha kalibu, kisha bodi, ni kujenga gari mara tatu. Rezini italazimika kusafiri kutoka Dar es Salaam, na kwa joto la Kigoma hukauka mkononi usipopunguza kikaushio. Tena kikaushio hicho kikikutana moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti kabla ya kuchanganywa na rezini, hulipuka. Ukiamua kuitumia licha ya maneno yangu, usiruhusu viwili hivyo vikae rafu moja.

Mimi ningepiga alumini ya milimita 1.5, kama walivyofanya Gmünd. Magari ya baadaye yalikuwa ya chuma, lakini alumini ni laini kwa nyundo, na unyevu wa ziwa hauilishi kutu. Kwanza kigezo. Urefu wa gari ni karibu mita 3.95, upana karibu 1.67. Tafuta picha za ubavuni, za mbele na za juu, zikuze hadi ukubwa halisi kwenye ukuta, chora, halafu kata vipande vya plaiwudi vya kusimama kila baada ya sentimita 15, kama mbavu za boti. Paina na plaiwudi zinatosha. Usiharibu mninga kwa kitu kitakachokuwa kuni. Mwite fundi wa boti aje, mpe muda, mwache azunguke. Na usiku, zima taa zote, shika tochi moja uiweke chini ubavuni mwa kigezo. Kila bonde na kila kilima kitajitokeza kwa kivuli chake. Mchana jua la juu linakudanganya.

Alumini ikipigwa sana hukakamaa na kupasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto, na shida ni kwamba haibadiliki rangi kama chuma. Unaingoja iwe nyekundu, ghafla imedondoka chini kama uji. Dawa yake iko dukani kwa Mangi. Chukua sabuni ya mche, isugue kavu juu ya bati kama unayeandika kwa chaki. Pitisha moto wa gesi taratibu, mbali kidogo. Sabuni itageuka kahawia, kisha nyeusi. Ikiwa nyeusi, ondoa moto papo hapo. Acha ipoe, safisha, na bati litakunjika mkononi kama ngozi. Lipige juu ya mfuko wa mchanga kwa nyundo ya mti yenye kichwa cha yai, ukianza pembeni kuelekea katikati, mapigo mengi mepesi. Halafu lipeleke kwenye kigezo, tazama, rudi. Boneti ya Speedster ilinichukua siku tisa na vipande vitatu vilivyoharibika. Kuunga alumini kwa moto kunahitaji flaksi, dawa ya kusafisha kiungo, na mkono uliozoea. Kama huna mtu huyo, panga viungo mahali pasipoonekana na tumia ribiti. Na kila mahali alumini inapogusana na fremu ya chuma weka ukanda wa mpira, maana viwili hivyo vikilowa pamoja alumini huliwa na kuwa unga mweupe.

Injini usiiguse sana. Farasi 34 zinatosha kwa gari jepesi, na ukitaka zaidi, injini ya 1600 ya Volkswagen inaweza kuingia hapo baada ya marekebisho madogo. Kitu cha kulinda kwa wivu ni mabati yote yanayozunguka injini na ile raba inayoziba nafasi kati ya injini na bodi. Injini hii hupozwa kwa hewa ya feni. Raba ikikosekana, feni itavuta hewa ya moto kutoka chini, kwenye ekzosi, na kuizungusha tena. Silinda ya 3 ndiyo hufa kwanza, kwa kuwa kipoza mafuta kimekaa kwenye njia ya hewa yake. Nakala nyingi nzuri zimeua injini kwa kukosa raba hiyo. Bodi mpya iwe na matundu ya kutosha ya hewa kwenye boneti ya nyuma, kisha lijaribu kwa kupanda kutoka bandarini hadi Mwanga saa nane mchana ndipo uanze kulisifu.

Fedha yako ya kwanza iende kwenye breki, kabla ya rangi, kabla ya viti. Silinda zote za magurudumu mpya, mabomba ya breki mapya, mipira mipya. Gari limelala miaka yote hiyo, na maji yameingia kwenye mafuta ya breki. Ekseli za nyuma za mwaka 1964 zina tabia ya kuinua mkia ukiachia mafuta ghafla kwenye kona, na magurudumu hukunjika kwa ndani. Upepo wa matairi ndio kinga ya kwanza: mbele kidogo, nyuma zaidi. Kwa matairi ya asili ilikuwa karibu psi 16 mbele na 24 nyuma. Mjaza upepo akitaka kukutilia sawasawa kote, mkatalie. Kioo cha mbele kiwe cha gari, chenye tabaka mbili zilizogandishwa, kamwe kisiwe cha dirisha la nyumba.

Kuhusu miezi miwili ya fundi wa Mwanga, usimdharau, mkono wa fundi mnyooshaji wa bati unahitajika sana. Mwonyeshe barua hii. Akikubali kupima mishazari na kuungojea ubaridi wa mshono, fanyeni kazi pamoja. Mimi lile la kwanza lilinichukua mwaka na miezi minne, kwa jioni na Jumapili.

Sasa umeniuliza kama ni udanganyifu, na nimefurahi umeuliza. Kunakili si aibu. Kampuni ya Caterham ya Uingereza imekuwa ikiendeleza gari la Lotus Seven tangu 1973 kwa haki ilizonunua. Mwaka 1957 moto uliteketeza magari tisa ya Jaguar XKSS kiwandani, na mwaka 2016 Jaguar wenyewe walitangaza kuyajenga upya tisa, wakasema waziwazi kwamba ni mapya. Udanganyifu unaanzia kwenye namba. Porsche za asili za miaka ile huuzwa ghali sana, na Spyder hufikia mamilioni ya dola, na kuna watu wanaogonga namba za uongo kwenye chasisi ili kuiba fedha hizo. Gari lako lina namba yake ya Volkswagen ya mwaka 1964, na libaki nayo. Kwenye kadi libaki Volkswagen. Nenda TRA kabla ya kuanza uulize taratibu za kubadili bodi na rangi kwenye kumbukumbu zao, kama kadi bado iko kwa jina la marehemu anza na mirathi, na likikamilika lipeleke kwa mkaguzi wa magari wa polisi kabla halijaingia barabarani. Nembo ya Porsche usiiweke puani. Mimi kwenye langu niligongesha kibati kidogo cha shaba ndani ya mlango: mwaka wa sakafu, mwaka wa bodi, na neno Tabora. Mtu akiniuliza kama ni Porsche, nafungua mlango anasoma. Wewe andika la babu pia.

Usikate chochote kwa sasa. Itoe bodi, pita na bisibisi, kisha pima ile mishazari miwili sakafu ikiwa bado nzima, uniandikie namba zote mbili kwa milimita. Zikitofautiana kabla hujaikata, ujue gari la babu liliwahi kugongwa, na tutaanzia hapo.